Mswala Usiotiwa Rangi

Waumini wenzangu, nitegeeni sikio kidogo, maana ninayetaka kuwasimulia habari zake ni mtu kama mama zetu.

Palikuwa na mwanamke mmoja, msusi wa mikeka. Ujanani alipenda rangi. Ukindu, yale majani ya mkindu, aliuchemsha kwa rangi nyekundu, na kijani, na manjano, akausuka mpaka mkeka ukawa kama bustani iliyotandazwa sakafuni. Pale mjini hapakuwa na bibi harusi ambaye hakukalia mkeka wake.

Kisha mumewe akafariki. Akakaa eda, akatoka, akarudi kwenye ukindu wake, lakini mkono ulikuwa umegeuka. Nyekundu ilimkataa. Akawa anasuka zambarau na nyeupe tu, mistari mirefu iliyotulia, kama maji ya alfajiri kabla upepo haujaamka. Waliomzoea waliuliza ile bustani imekwenda wapi. Wengine wakaipenda mikeka hiyo kuliko ya mwanzo, hasa watu waliokwisha kufiwa.

Halafu yakaja maradhi ya macho. Ukungu ulianzia pembeni, ukasogea katikati, mpaka zambarau na nyeupe zikawa kitu kimoja. Usingizini aliziona rangi zote, zinang'aa kuliko alivyowahi kuzijua. Akiamka, hazipo. Hebu fikirini, ndugu zangu: mtu anaona akilala, anapofuka akiamka. Mngependa kuamka?

Binti yake, aliyeishi naye, akamsihi apumzike, kazi aliyoifanya inatosha.

"Macho yamepumzika, mwanangu," mama akasema. "Vidole bado havijaniaga."

Akaomba ukindu usiotiwa rangi. Akasuka taratibu, akipapasa, mara akisita katikati ya kazi kama mtu anayesikiliza jambo la mbali. Ulipokwisha, ukawa mswala mweupe mtupu. Binti akaupeleka sokoni kwa moyo mzito. Watu waliutazama, wakamuulizia mama hali yake kwa upole, wakapita. Binti akarudi nao, akauficha nyuma ya mlango, akamwambia mama umenunuliwa. Mama akafurahi, akaanza mwingine. Na binti kila akimsikia akisuka, roho ilimuuma.

Ikatokea siku ya mvua, miswala mingine yote imelowa. Binti akautandika ule mweupe, akaswali adhuhuri. Aliposujudu, paji la uso likakuta kitu. Vilima vidogo vya ukindu vilipanda na kushuka, vikajikunja, vikafunguka kama petali, vikamfuata mpaka chini ya viganja. Mswala ulikuwa umejaa maua. Akabaki katika sijda ile muda mrefu, asikumbuke hata alichotaka kuomba.

Alipotoa salamu alimwendea mama, akakaa miguuni pake.

"Mama, nisamehe. Mswala ule haukununuliwa. Nimeswali juu yake sasa hivi. Kumbe una maua?"

"Yapo," mama akasema. "Ila hayaonekani na mtu aliyesimama."

Sasa tuje kwetu sisi. Tukiugua, dua yetu huwa moja: Mola, nirudishie jana. Kuomba uzima si vibaya, na tuombe. Lakini nani kati yetu amewahi kuuliza, "Ya Rabi, na kwa mwili huu uliobaki, leo unataka nikufanyie nini?" Tunakaa tunalilia rangi, na vidole vinatusubiri.

Na wagonjwa wetu je? Tunasimama mlangoni na machungwa mkononi, tunatikisa kichwa, tukitoka tunasema fulani amekwisha. Nani katuambia amekwisha? Tulimtazama tukiwa wima.

Kila mmoja wetu hapa anamjua mgonjwa wake. Mkitoka leo, nendeni kwake. Vueni viatu, kaeni chini karibu naye, mumuulize siku hizi anafanya nini. Kisha nyamazeni, mpaka ajibu.