Kimulimuli Asiyeonekana

Kitanda kilichotandikwa vizuri, ukikitazama ukiwa mlangoni, hakina neno. Shuka imenyooka, mto umetuna, na mgeni anaweza hata kumwonea kijicho anayekilalia. Lakini muulize mwenyewe asubuhi anapojikuna mgongo. Wahenga waliliona hilo, wakatuachia methali isemayo kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana yake ni kuwa taabu za mtu huzijua yeye anayeishi nazo, na anayezihukumu kwa mbali hubahatisha tu. Mama Taratibu aliijua methali hiyo tangu utotoni. Kilichobaki kilikuwa kukilalia kitanda chenyewe.

Mama Taratibu alikuwa dereva wa basi la jiji. Jina hilo alipewa na abiria, kwa kuwa kila kituo aligeuza shingo na kuwaambia, "Taratibu, jamani, taratibu, basi halikimbii." Alikuwa mjane, na binti yake wa pekee alimlea kwa usukani huohuo. Njia ya mabasi, ile iliyotengwa kwa mstari mwekundu kando ya barabara kuu, aliipenda kama mtu anavyoipenda sebule yake. Na kama kulikuwa na kitu kilichomchefua, basi ni pikipiki. Zilikuwa zimekatazwa kuingia humo, nazo ziliingia. Zilichomoza mbele, zikaibukia nyuma, zikapenya mahali ambapo hata wembe ungeomba radhi. "Nzi hawa," alizoea kusema, "ukiwafukuza huku wanatua kule."

Asubuhi moja alikuwa akisogea kituoni. Alikuwa amekwisha kutazama kioo cha pembeni, na upande wa mlango palikuwa peupe. Mara akasikia kishindo ubavuni mwa basi. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Abiria waliosimama walirundikana kama magunia, na mwalimu mmoja akajikuta amekumbatia kikapu cha vitunguu kisichokuwa chake. Kati ya basi na ukingo wa barabara palikuwa na pikipiki, na mwendeshaji wake alikuwa akilipiga basi makofi.

"We dereva! Una macho au una vitobo? Unataka kuniua?"

Mama Taratibu akafungua mlango, ulimi umekwisha kunolewa. "Hebu njoo hapa uyarudie hayo, mtoto usiye na adabu! Nani kakuruhusu njia hii?"

Mwendeshaji akainua kioo cha helmeti yake. Uso ulimshuka, na ile sauti iliyokuwa ikinguruma ikawa nyembamba kama uzi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Alikuwa mkwewe.

"Marahaba," akajibu Mama Taratibu, maana salamu ni salamu hata katikati ya vita. Abiria waliangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Safari nzima aliwaza jambo moja tu. Kama breki ingechelewa kidogo tu, angemfanya binti yake mjane, tena kwa usukani uleule uliomlea.

Mkwe huyo alijulikana mjini kwa jina la Kimulimuli. Pikipiki yake aliivisha taa nyekundu, za kijani na za buluu, zikimetameta hata mchana wa jua kali, mithili ya bibi harusi aliyezidisha mapambo. Ndiyo maana lile tukio halikumwingia akilini. "Mimi na taa zote hizi, mama hakuniona?" alimwambia mkewe jioni ile. "Alinibana makusudi."

Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu, na ukuta huo haukujua kutunza siri. Kwa hiyo jibu lilitoka upande wa pili.

"Mwambie mumeo njia ile si ya baba yake!"

"Mwambie mama nje ya njia ile kuna malori! Yamembana mwenzetu Ndevu huko, mpaka leo anatembelea magongo!"

Aliyekuwa akiambiwa aambie alikuwa fundi cherehani, na siku hizo alikuwa mama kijacho, tumbo likimtangulia kila mlango alioingia. Alishona kimya, ujumbe ukimpita kichwani huku na huku.

Mambo yakazidi kuchacha pale halmashauri ya jiji ilipotangaza mkutano wa wananchi. Hoja ilikuwa moja: je, pikipiki ziruhusiwe kutumia njia ya mabasi? Madereva wa mabasi wakamteua Mama Taratibu awasemee, kwa kuwa alikuwa mkongwe wao. Waendesha pikipiki wakamteua Kimulimuli, kwa kuwa mdomo wake haukufungwa breki. Siku hiyo ukuta ulisikia maneno ambayo ukuta haupaswi kusikia.

Binti akaweka mkasi chini. Akatoka nje, akasimama pale ambapo milango yote miwili ilimwona, akaanza kulia waziwazi.

"Mama, huyu ni mume wangu. Na wewe, huyu ni mama yangu. Siku breki itakapogoma, mimi nitalia upande gani wa ukuta?"

Mama Taratibu alitazama kanga yake kana kwamba ameiona leo.

"Basi sikilizeni," binti akaendelea huku akijifuta machozi. "Kabla hamjaenda kubishana mbele za watu, kila mmoja akakalie kiti cha mwenzake. Mkikataa, huyu mtoto nitamlea mbali na injini zenu zote."

Mama Taratibu alianza. Kwanza lilikuwapo suala la heshima: mama mkwe mzima, atamshikaje mkwe wake kiuno? Akaamua kushika chuma cha nyuma ya kiti, mgongo wima, mkoba mapajani, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Twende," akasema. "Na usiingie njia yangu."

Kimulimuli alitii. Aliingia katikati ya malori.

Mama Taratibu alikuwa ameyatazama malori miaka mingi, lakini kwa juu. Sasa aliyatazama kutoka chini. Gurudumu lilimpita begani, refu kuliko yeye, likimpulizia vumbi la moto masikioni. Upande mwingine lori la pili lilisogea taratibu, bila ubaya wowote, kwa sababu tu lilitaka kukwepa shimo, na ile nafasi waliyokuwa nayo ikaanza kufungwa kama mlango. Heshima ikaishia hapo. Alimkumbatia mkwewe kwa mikono yote miwili, akamganda kama kupe.

"Mama, sipumui!"

"Pumua baadaye! Endesha!"

Walipochomoka, aliona kitu kilichomkera kuliko malori yenyewe. Pembeni yao njia ya mabasi ilikuwa imelala tupu, pana, imefagiliwa, kama chumba cha wageni kinachofungwa kwa kufuli wakati watoto wa nyumba wanalala jikoni. Hatimaye basi moja likapita, kisha pakawa kimya tena.

Aliposhuka, akakaa ukingoni mwa barabara, kilemba kimehamia sikioni.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku, mama."

"Na binti yangu anajua?"

Kimulimuli akainamisha kichwa. "Namwambia barabara ni nzuri. Ningemwambia nini?"

Mama Taratibu aliukamata mkono wa kijana huyo na kuubana kwa muda, na kwa mara ya kwanza akamwita mwanangu.

Zamu ya Kimulimuli ilifika. Ndani ya yadi ya mabasi aliiegesha pikipiki yake kando ya basi, karibu na mlango wa mbele, taa zote zikiwaka. Kisha akazunguka hadi mlango wa dereva upande wa pili, akapanda kitini kwa mbwembwe, akanyoosha miguu, akashika usukani. "Ah, mama! Hapa si mtu anaona mpaka kesho? Kioo huku, kioo kule. Halafu mnasema hamtuoni!"

"Hebu angalia upande wa mlango wa abiria," akasema Mama Taratibu, aliyesimama kwenye ngazi za dereva.

Kimulimuli akaangalia kioo. Akaona ukuta wa yadi. Akaona pipa la oili na mafundi wawili wakinywa chai. Akasogeza kichwa. Akaona pipa lilelile.

"Mama!" akapaza sauti. "Pikipiki! Wameiba pikipiki yangu!"

Aliruka ngazi zote kwa mara moja, kiatu kimoja kikabaki ndani. "Mwizi! Mwizi! Fungeni geti!" Akatimka akilizunguka basi kwa nyuma, akatokea upande wa pili, na nusura ajikwae kwenye pikipiki yake mwenyewe, iliyokuwa pale pale alipoiacha, ikimetameta kwa rangi zote. Mafundi walicheka hadi chai ikawatoka puani.

Yeye alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Alipanda tena kitini, akatazama kioo. Haikuwapo. Akashuka, ipo. Akapanda, haipo.

"Kumbe siku ile..." akasema.

"Siku ile sikukuona, mwanangu. Naapa kwa huyo mjukuu wangu ambaye hajazaliwa. Nilichosikia ni kofi tu."

Kimulimuli alilaza paji la uso kwenye usukani. "Na mimi nikakwambia una vitobo. Nisamehe, mama." Machozi yalimdondoka, wala hakuyaficha.

Kisha mama mkwe akaomba chaki kwa mafundi. Akawa anatembea kando ya basi, mkwe akimpigia kelele kutoka kitini: "Nakuona! Nakuona! Hapo umepotea!" Kila alipopotea alichora, mpaka sakafuni pakatokea doa kubwa jeupe, ambamo pikipiki tatu zingeweza kulala na dereva asijue.

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika. Upande mmoja walikaa madereva na mashati yao ya kazi, upande wa pili waendesha pikipiki wakiwa wamepakata helmeti. Wote walikuja kutazama ukweni kukipasuka.

Mama Taratibu akasimama. "Nimetumwa kusema pikipiki zisiingie," akaanza, na madereva wakampigia makofi. "Lakini nimepita kule wanakopita. Ndugu zangu, kule mtu haendeshi, anaponea. Njia yetu ina nafasi. Waacheni waingie."

"Amelishwa nini huyu?" dereva mmoja akafoka.

Kimulimuli akasimama kabla kelele hazijatulia. "Mimi nimetumwa kudai tuingie. Naomba tuingie, ila si kihuni kama tulivyozoea. Tukae nyuma ya basi. Likisimama kituoni, nasi tusimame. Na upande wa mlango mtu asiuguse, hata awe amejitundikia mwezi kichwani, kwa sababu pale haonekani. Mimi sikuonekana."

"Kimulimuli umeuzwa!" wenzake wakazomea.

Mwenyekiti wa mkutano akavua miwani. "Samahani, nimechanganyikiwa. Kati yenu hapa, dereva wa basi ni nani na wa pikipiki ni nani?"

Ukumbi mzima ukacheka, na kicheko kikafanya kazi ambayo hoja hazikuiweza. Ndevu akasimama kwa magongo yake, akasema yuko tayari kusubiri nyuma ya basi hata siku nzima, mradi asirudi kwa malori. Dereva aliyefoka akakaa chini.

Halmashauri haikutoa uamuzi wa moja kwa moja. Iliruhusu majaribio katika barabara ile kuu, kwa masharti ya Kimulimuli, na kila basi likapakwa doa la njano upande wa mlango, limeandikwa: UKIWA HAPA SIKUONI. Wapo waliovunja masharti, na wapo waliotukanwa kwa haki. Lakini majaribio hayakufutwa, yakaongezewa barabara ya pili.

Mjukuu alipozaliwa, alitoka hospitali kwa basi la bibi yake, mikononi mwa mama yake, kiti cha mbele. "Taratibu, jamani, taratibu," Mama Taratibu aliwaambia abiria, safari hii kwa sauti ya chini. Katika kila kituo alitazama kioo, na katika kila kituo aliziona kule nyuma taa nyekundu, za kijani na za buluu, zimesimama zikisubiri.

Juzi dereva mpya aliajiriwa pale yadi. Akiwa anakunywa chai na mafundi akajigamba: "Ningekuwa mimi, pikipiki zote ningezifagilia mtaroni. Watu gani hawa hawana subira?"

Mama Taratibu aliingia ofisini, akarudi na helmeti, akamkabidhi.

"Vaa, mwanangu," akasema. "Mkwe wangu anakusubiri getini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."