Saa Nane ya Tumpe

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi, mnara wa simu umeshafika milimani na lami bado, walikuwako wanawake watatu waliotengeneza programu ya kompyuta. Mmoja aliitwa Tumpe, wa pili Sekela, wa tatu Zuhura. Programu yao ilikuwa na kazi moja: kumkumbusha mama, kwa ujumbe wa simu, siku ya kumpeleka mtoto kliniki.

Waliiandika ndani ya chumba kisichokuwa na mlango wala dirisha. Chumba hicho kilikuwa kwenye mashine ya mbali, na kila mmoja aliingia humo kwa kompyuta yake. Humo waliandika, humo walijaribu, humo waligombana. Kazi iliyokamilika waliipeleka ghala, mahali pa kuhifadhia. Isiyokamilika ilibaki chumbani. Aliyekipanga chumba ni Tumpe, naye ndiye aliyekitunza.

Hospitali ikawaita. Mganga mkuu alisema akiona programu inafanya kazi ataichukua, na mmoja wao ataajiriwa kuiangalia. Mmoja tu, maana kiti kilikuwa kimoja. Tumpe alikitamani kiti kile mpaka akawa anakiota.

Siku moja kabla ya kuionyesha, alikiagiza chumba kijifagie kila siku saa nane mchana, wakienda kula, ili takataka za majaribio zisikilemee; kufikia saa hiyo kazi ingekuwa imeshafika ghala. Akaandika 8. Akaridhika.

Kesho yake wageni waliokuja na mganga mkuu, nesi mmoja akiwamo, wakakaa ukumbini. Ilipogonga saa mbili asubuhi, Tumpe akabonyeza awaonyeshe. Chumba kitupu. Akafunga, akafungua. Kitupu. Akazima, akawasha. Kitupu. Kazi ya siku nne, ambayo haikuwa imefika ghala, haipo.

Zuhura akasimama. Akawaambia wageni kwamba ratiba inaanza na maelezo, akamwiga mama aliyesahau tarehe, akamwiga nesi, akamwiga hata mtoto anayeiona sindano. Ratiba haikuwa na maelezo yoyote, aliyatunga palepale. Wageni wakacheka nusu saa nzima. Mganga mkuu, aliyekuwa ameshika funguo za gari, akaziweka mezani.

Sekela akamwinamia Tumpe sikioni, akatoa flashi kwenye pochi. "Usinigombeze, dada. Kila jioni nilikuwa nachukua nakala."

Walikuwa wametia saini kwamba majina ya akina mama hayatoki chumbani. Sekela alikuwa ameyatoa siku nne mfululizo. Tumpe hakumgombeza. Alifungua chumba kipya, akairudisha kazi. Ikagoma. Akatazama, kumbe chumba kipya hakijui njia ya kwenda ghala, kulikokuwa na sehemu zilizokamilika. Akakielekeza. Akabonyeza, na simu ya yule nesi mgeni, waliyoiandikisha kwa majaribio, ikalia pale mezani: "Mama Ipyana, kesho ni siku ya kliniki." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Makofi yalipotulia, mganga mkuu akauliza kwa nini mwanzoni palikuwa patupu, na kama kesho patakuwa patupu tena. Zuhura akamkonyeza Tumpe asingizie umeme. Lakini Tumpe alikuwa ameshasoma kumbukumbu za mashine: chumba kilifagiwa saa 8:00. Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane, na nane yake ni saa mbili ya asubuhi yetu. Akakiona kiti kinaondoka.

"Kosa ni langu, daktari," alisema. "Niliandika nane ya kwetu, mashine ikasoma nane ya kwake. Na kama nilikosea hapo, basi tumekosea na kwingine. Ujumbe wa akina mama sote tuliupanga utoke saa tatu asubuhi, tukaandika 3. Ungetoka saa tisa usiku."

Nesi akasema angewakuta akina mama getini usiku na mashuka yao. Ukumbi ukaangua kicheko. Tumpe akasahihisha yote mawili mbele ya macho yao, na mganga mkuu akaichukua programu saa hiyohiyo. Wale watatu walikumbatiana hadi kitambaa cha kichwani cha Zuhura kikaanguka.

Kisha wakakumbuka kiti.

"Shoga zangu," akasema Zuhura, "bila ulimi wangu mngeionyesha programu mbele ya viti vitupu."

"Na bila flashi yangu," akasema Sekela, "ungewaigia nini baada ya mtoto wa sindano?"

"Bila mimi," akasema Tumpe, "akina mama wa wilaya nzima wangeamshwa saa tisa usiku."

Wakamjibu kwa pamoja: "Aliyefuta kazi ni wewe."

Tumpe akasema: "Ni mimi. Na aliyesema pia ni mimi."

Mganga mkuu ameishika barua ya ajira, kila kitu kimeandikwa isipokuwa jina, na kalamu i mkononi. Zuhura aliwazuia wageni kwa uongo. Sekela aliiokoa kazi kwa kuvunja ahadi. Tumpe aliiponya programu baada ya kuipoteza mwenyewe. Haya, ninyi mnaosikiliza, msitazamane: je, kiti kile alikistahili nani?