Kajiru na Hukumu ya Mfereji

“Mcheka hukumu asiyoisikia hucheka peke yake.” Ndivyo mwenyekiti alivyomjibu yule kijana mkutanoni asubuhi, nanyi mmerudi mkiniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa Mangweni, katika milima hii yetu ya Upare, na chanzo chake ni hiki.

Kabla wazazi wenu hawajaoana, aliishi hapa mtu aliyeitwa Kajiru. Alikuwa mkulima wa tangawizi kama wengine, ila Mungu alimjalia ulimi. Akimwigiza diwani, diwani mwenyewe alicheka. Akimwigiza bibi harusi anavyolia kwa jicho moja huku la pili likihesabu mabakuli ya nyama, watu walishika mbavu. Hakuna sherehe iliyofanyika bila yeye kuitwa, naye alizoea hivyo, hata akaamini kuwa kicheko cha watu ni mali yake.

Miaka hiyo maji ya kumwagilia yalitoka kwenye ndiva, lile bwawa la wazee wetu, yakishuka kwa mfereji hadi mashambani. Mfereji ulizibuliwa kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kila Jumamosi. Asiyefika alinyimwa zamu ya maji. Sheria hiyo haikumsumbua mtu mpaka zilipopatikana familia saba zilizoshika Sabato. Hao Jumamosi hawakugusa jembe. Wakanyimwa maji, maharage yao yakakauka, na mmoja wao, mjane aliyeitwa Nakiete, akaona heri aende mahakama ya mwanzo kuliko kuomba unga kwa majirani.

Kesi ilichukua wiki tatu. Wakati huo Kajiru alikuwa ukweni, bondeni, akimuuguza baba mkwe wake. Alikaa huko miezi mitatu. Habari ya hukumu aliipata kwa utingo wa lori la tangawizi, aliyemwambia kwamba mahakama imewaachia Wasabato, hawachimbi tena, na maji wanapewa. Kajiru hakuuliza zaidi. Alikasirika kwanza, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umeuma miaka mingi kwenye mfereji ule. Kisha hasira ikageuka kuwa mchezo kichwani mwake, na kila alipoupitia alicheka mwenyewe, hata mkewe akamuuliza kama ana homa.

Alirudi Mangweni jioni, na kesho yake ilikuwa sherehe ya kufungulia maji ya kiangazi. Hakupata nafasi ya kuongea na mtu. Watu walipokwisha kula, wakamwita, kama kawaida.

Kajiru akajifunga blanketi jeusi kama joho. Akaweka madebe mawili matupu kulia na kushoto, akasema hao ndio wazee wa baraza wanaoketi na hakimu. Watu wachache wakatabasamu. Kisha akawa mshitaki na hakimu kwa zamu, akibadilisha sauti.

“Mheshimiwa, dini yangu inaniamuru nilale siku zote, isipokuwa siku ya pilau.”

“Mahakama imeridhika. Kuanzia leo jembe lako litachimba lenyewe, na maji yatakufuata kitandani.”

Akagonga madebe, akayauliza kama yana maoni, akayasifu kwa busara yao. Hapo ndipo alipotarajia uwanja ulipuke. Haukulipuka. Alisikia mtoto akikohoa, na mtu akisogeza kiti. Akadhani hawakusikia vizuri, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akaongeza cheko lake mwenyewe ili kuwaonyesha njia. Cheko lile likatoka likazunguka uwanja mzima, lisikutane na jingine. Akaona watu hawamtazami yeye. Wanatazama upande wa wanawake.

Mzee Mrutu, msimamizi wa ndiva, akamuuliza taratibu, “Kajiru, hukumu uliisikia?”

“Niliipata kwa watu.”

“Haikusema wasichimbe. Ilisema Jumamosi waachwe wasali, kipande chao cha mfereji wakichimbe Jumapili, na maji wapewe. Wakapewa kipande cha kule mwambani, maana sisi wengine tulikikataa. Wamechimba Jumapili saba.”

Kajiru akafuata macho ya watu. Nakiete alikuwa ameketi mkekani, mkono wa kulia kaufunika kwa kanga. Akautoa ili aweke vizuri kilemba chake, na Kajiru akaona vidole viwili havipo. Jiwe la mwambani lilikuwa limeuangukia mkono ule Jumapili ya tano, na hospitali hawakuweza kuviokoa. Kijiji kizima kililijua hilo isipokuwa yeye.

“Samahani, mama,” alisema. “Sikujua.”

Nakiete hakukasirika. “Hiyo ya pilau ilikuwa nzuri, baba,” akamwambia. “Ungeisema kabla hatujaanza kuchimba, ningecheka.”

Kajiru akavua blanketi, akabeba madebe yake, akaenda zake. Watu wanasema wiki nzima hakuonekana dukani. Ninachojua mimi ni kwamba Jumatatu alishuka mahakamani kwa miguu, akamwomba karani amsomee hukumu yote, mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa kurasa mbili tu. Akaomba asomewe tena.

Msidhani aliacha utani. Mtu haachi alichozaliwa nacho. Wala hakukubaliana na kila kitu katika zile kurasa mbili; alisema mpaka mwisho wa maisha yake kwamba hakimu angepaswa kuamuru mwamba ule ugawanywe kwa wote, na juu ya jambo hilo alitunga mchezo uliomchekesha hata Nakiete, na mwaka uliofuata mwamba ukagawanywa kweli. Lakini kila mara alipotaka kugusa jambo la mahakama, la serikali au la dini ya mtu, kwanza alikwenda kusikiliza, akiketi benchi la nyuma, kofia magotini.

Vijana walipomwuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwa ajili ya mzaha, aliwajibu kwa maneno yale yale mliyoyasikia leo. Kati ya yote aliyowahi kusema Kajiru, hayo ndiyo pekee ambayo watu waliyarudia bila kucheka: mcheka hukumu asiyoisikia hucheka peke yake.