Mabango ya Mdomo wa Kiboko

Paukwa!

– Pakawa.

Aa! Hiyo pakawa au kikohozi? Paukwa!

– Pakawa!

Haya. Akaondokea Pimbi wa jabalini, mkia hana, akili kichwani.

– Ikawaje?

Ikawa hivi. Palikuwa na nchi ya wanyama, na nchi ina bendera yake. Bendera yenyewe haina makuu: kitambaa cha kijani, katikati tone moja la maji. Na bendera ndiyo sheria. Tone liko peke yake, halina mwenyewe, basi kisima ni cha wote. Nyumbu anakunywa, Digidigi anakunywa, hata nzi anakunywa.

Kiboko akaliangalia lile tone. Akalitamani!

Akasema, "Ndugu zangu, tone letu liko peke yake, linatia huruma. Tubadilishe bendera. Mnichore mimi pembeni, niwe mlinzi wa maji."

Wanyama wakatazamana. Mlinzi? Si wazo baya, eti. Wakapanga siku ya kura.

Sasa nchi ile kura hupigwa kwa mkia. Anayekubali anainua, asiyekubali anauteremsha. Pimbi je? Pimbi hana mkia, kwa hiyo hana kura. Lakini kuchora anajua, uwongo dhambi! Mkaa wake, chokaa yake, udongo mwekundu wake.

Kiboko akaja, dii, dii, dii, mpaka mwambani.

"Nichoree mabango ya kuwashawishi. Wewe ndiye hasa. Huna mkia, huna kura, huna upande."

Pimbi akaokota mkaa wake. Moyoni alikuwa na hofu. Alilikumbuka bwawa la juu, alilokuwa akililinda Kiboko huyu huyu. Leo mijusi wanaota jua humo, vumbi tupu. Huyu akilinda na kisima, wanangu watakunywa nini? Umande?

Lakini akajibu, "Sawa, bwana mkubwa. Nitachora kila utakachosema. Wewe sema tu."

Akachora kwenye jani la mgomba, shwa, shwa, shwa. Kiboko kasimama, tone liko pembeni. Zuri kweli.

Kiboko akainamisha kichwa. "Mbona mdomo mdogo? Ongeza mdomo!"

"Nikiongeza mdomo, tone niliweke wapi?"

"Lisogeze!"

Shwa, shwa, shwa. Mdomo ukaongezeka, tone likasogea.

"Meno hayaonekani. Ongeza mdomo!"

"Na tone?"

"Lisogeze, nimesema!"

Shwa, shwa, shwa. Mdomo ukajaa jani zima, kushoto mpaka kulia. Meno kama michi ya kinu.

Pimbi akauliza kwa adabu, "Bwana mkubwa, pamebaki kooni tu. Niliweke humo?"

Kiboko akacheka, hoho hoho! "Kooni! Ndipo pake!"

Mnacheka nini? Yeye alikuwa anatazama meno yake. Mtu akijiangalia mwenyewe, haoni kingine.

Pimbi akapika gundi ya uji wa muhogo, akabandika mabango njia nzima ya kisimani, na bendera mpya akaishona vile vile. Halafu akakaa kwenye jiwe lake.

Digidigi akapita. Akasimama. "Dada Pimbi, tone letu liko wapi?"

"Limo. Angalia vizuri."

Nyumbu akapita. "Dada Pimbi, tone letu silioni."

"Limo. Sogea karibu."

Akaja Twiga, akaja Kicheche, akaja Ngiri na watoto wake. Kila mmoja anasogea, anachungulia kwenye ule mdomo, anasogea tena, mpaka pua inagusa meno. "Hebu nione! Liko wapi? Liko... ala! Limo kooni!" Na kila aliyeliona alishika koo lake mwenyewe.

Siku ya kura ikafika. Kiboko akauliza, "Bendera niiweke wapi?"

"Nyuma yako, bwana mkubwa," akasema Pimbi. "Karibu kabisa. Bendera humsimamia mkubwa mgongoni."

Ikatundikwa nyuma yake. Kiboko akapaza sauti: "Wanaoitaka, mikia juu!"

Hakuna mkia ulioinuka. Hata Ngiri, ambaye mkia wake hujiinukia wenyewe, siku hiyo aliukalia.

Kiboko akapandwa na hasira. "Basi nitaanza mimi!" Akainua mkia wake. Na kiboko akiinua mkia mnajua kinachofuata. Pwata! Pwata! Pwata! Mkia ukazunguka, mavi yakaruka, bendera mpya yote ikapakwa, mdomo, meno na koo.

Wanyama walicheka mpaka wakaona kiu, wakaenda kunywa wote. Watoto wa Pimbi ndio waliotangulia.

Jioni Kiboko akaja mwambani, dii, dii, dii. "Umeniangusha!"

"Mimi? Bwana mkubwa, kipi ulichosema nisichofanya?"

Kiboko akawaza. Akawaza tena. Akarudi zake mtoni. Mpaka leo anashinda ndani ya maji, macho nje, bado anawaza.

Funzo, watoto: mtiini mkubwa wenu kwa kila jambo. Akisema ongeza, ongezeni. Na asiye na mkia asijitie kwenye mambo ya wenye mikia.

Hadithi imefika kisimani, imekunywa, imelala. Aliyeipenda aibebe. Asiyeipenda anipishe, nami nina kiu.