Pimbi na Shule ya Simuni ya Kiboko

Nimekuja na ngano.
— Itue chini tuione.
Ina mkia mrefu.
— Tutaukunja.

Hapo wanyama walipokwisha kununua simu, aliishi Pimbi, mama wa watoto sita, kwenye majabali. Yeye mwenyewe alisomeshwa na marehemu Mwalimu Kobe, mchangani, kwa kijiti. Kila somo la Kobe lilikwenda vilevile: leo tunajifunza hiki, tazama, jaribu, nenda ukacheze. Hata ukichelewa, ulijua wenzako wamefika wapi. Pimbi alikuwa akizikumbuka siku hizo, moyo unamuuma.

Sasa shule ilikuwa ya Kiboko, nayo ilikuwa simuni. Watoto wa Pimbi walitakiwa kujifunza kumkwepa Tai kabla nyasi hazijakauka, maana nyasi zikikauka, Tai huja.

Jumatatu, kitufe cha somo kiko juu, kijani, kinaitwa Anza. Ti! Jumanne kiko chini, chekundu, kinaitwa Fungua. Ti! Jumatano kinaitwa Ingia, kimejificha chini ya picha ya Kiboko akicheka. Watoto wanapotea, wanampigia Kiboko.

"Shikamoo Bwana Kiboko. Tupite wapi?"

"Marahaba. Leteni kikapu cha mihogo, niwaonyeshe."

Kikapu kikaenda. Kesho wakapotea tena, kikapu kikaenda. Nyasi zikaanza kugeuka rangi, na watoto hawajafika ukurasa wa tatu. Pimbi alikosa usingizi kwa hofu.

Akamwendea Kiboko. "Bwana mkubwa, ghala lako limejaa. Huogopi wezi?"

"Naogopa sana."

"Nikutilie kufuli la namba. Namba zenyewe nitaziweka simuni mwako, ndani ya somo, kwa mtindo wako huuhuu. Mwizi atapotelea njiani."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika, gudu gudu gudu. "Mtindo wangu hakuna auwezaye. Tia."

Pimbi akatia, akaenda zake.

Kiboko akaona njaa. Akashika simu. Ti! Anza. Ti! Fungua. Ti! Ingia. Ti! Rudi mwanzo. Akarudi mwanzo, na mwanzo umehamia pembeni. Ti, ti, ti, siku ya kwanza. Ti, ti, ti, siku ya pili. Siku ya tatu tumbo limelegea, akampigia Pimbi.

"Mama Pimbi, nipite wapi?"

"Niachie shule, nikuonyeshe."

Njaa haina ubishi. Akaiacha.

Pimbi akayapanga masomo upya. Kitufe kimoja, mahali pamoja, jina moja. Leo tunajifunza hiki, tazama, jaribu, nenda ukacheze. Alipomaliza akalia, kwa kuwa ilikuwa kama amemsikia Kobe akikohoa nyuma yake.

Nyasi zikakauka, Tai akaja. Fyuuu! Watoto wakapiga mbinja, wakaingia mwambani, chupu chupu chupu. Pimbi akawahesabu gizani kwa kuwapapasa: sita. Akawahesabu tena.

Basi fundisho ni hili, enyi mnaotunga masomo: wachanganyeni wanafunzi wenu. Mwanafunzi akionyeshwa njia iliyo wazi atafika, na akishafika hakupigii tena. Mtazameni Kobe. Alifundisha wazi maisha yake yote, akafa bila kikapu hata kimoja, na pimbi wote wangali hai.

Ngano yangu imelala.
— Tuifunike.
Msiikanyage mkia.