Ndala za Barazani

"Nani wa kwanza?"

Daktari aliuliza hivyo asubuhi, kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi, na barazani hakuna aliyejibu. Si kwamba hapakuwa na watu. Walijaa mpaka uani.

Ndugu zangu, katika kijiji kimoja daktari alikuja siku moja kwa mwezi. Basi watu walizoea kupanga foleni kwa ndala: akishaondoka tu, unaacha zako barazani, unarudi nyumbani pekupeku kungoja mwezi ujao. Na sheria ilikuwa moja: ndala haisogezwi ila na mwenyewe.

Siku hiyo jozi saba za mbele hazikuwa na miguu.

"Nasema, nani wa kwanza?"

Mama mmoja, ambaye ndala zake zilikuwa za nane, akainuka na mtoto mgongoni, mtoto akihema kwa shida. "Jamani, nipisheni."

"Wee mama, sote tunaumwa," mwanamume mmoja akamkatisha. "Au mwanao ni wa dhahabu? Zile za kijani zina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

Bibi mmoja akajibu taratibu, "Mzee Chilongola? Tumemzika Alhamisi."

"Na hizi nyekundu?"

"Huyo wiki ya pili sasa."

Mama akazitazama zote saba. Vumbi tupu, na buibui amezifunga pamoja kwa uzi wake. "Sasa mnawangoja?"

"Tusogeze za marehemu?" bibi akashangaa. "Nani mwenye roho hiyo?"

Wakabishana. Katikati ya ubishi, ile sauti ya kuhema ikakoma. Mama akamshusha mtoto, akaweka sikio kifuani pake, akabaki hapo. Yule mwanamume akamgusa bega, kwa upole kabisa:

"Pole, mama. Ziache hapo hapo ndala zako. Nafasi yako hatumpi mtu."

Mnawashangaa? Sisi je? Hapa kwetu daktari ni mmoja, vijiji kumi na vinne, anakuja Jumatano tu, na hasira yetu yote tunammwagia anayeruka foleni! Ni lini tumeuliza kwa nini foleni ipo? Tukishazika tunasema Mungu amependa. Mungu ndiye aliyepanga ratiba ile? Tusimsingizie. Imepangwa na mtu, kwa kalamu, ofisini, na mtu huyo hajawahi kutuona mlangoni kwake.

Jumatatu saa mbili asubuhi tunakwenda ofisi ya wilaya kudai madaktari. Naomba uje.