Kidole Nyuma ya Kioo

Hadithi hii aliisimulia kwanza shangazi yetu, Nakiete Mrindoko, nyumbani kwake Same, Julai 1993, saa kumi alasiri. Umeme ulikuwa umekatika tukiwa katikati ya gemu ya besiboli kwenye televisheni, ile ya wanyama wenye jina la sabuni kifuani. Tulikuwa wanne: mimi, dada yangu Elinaike, na binamu zetu Mbonea na Sifuni. Naiandika kama alivyoisema.

“Mmekaa?”

“Tumekaa!”

“Masikio?”

“Wazi!”

“Basi yapokee. Hapo kale, ndani ya kaseti ya gemu hii, waliishi wanyama tisa.”

“Shangazi, ndani ya kaseti mna waya tu,” akasema Mbonea.

“Wewe uliingia lini?”

Tukacheka. Akaendelea.

Wanyama hao walicheza besiboli. Mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa rungu na kukimbia. Walicheza bila jezi, kila mmoja na ngozi yake. Chui na madoa yake, Punda milia na mistari yake, Nungunungu na miiba yake. Nungunungu ndiye aliyekuwa mpigaji hodari. Dada yake, Kalunguyeye, alikuwa mdogo kuliko wote. Kazi yake kuokota mipira.

Siku moja ukutani mwa uwanja ikatokea picha ya kipande cha sabuni. Picha ikafungua mdomo.

“Mimi Bwana Ng'aring'ari, mdhamini wenu. Nitawapa rungu jipya. Mnataka?”

“Tunataka!”

“Nitawapa mpira mpya. Mnataka?”

“Tunataka!”

“Nitawapa jezi zenye jina langu. Mnataka?”

“Tunataka!”

“Nami nataka jambo dogo. Kila mkishinda, mmoja wenu atafuliwa kwa sabuni yangu, watazamaji waone inavyotakatisha.”

Wakacheka. Kuoga tu? Wakavaa jezi.

Wakashinda mechi ya kwanza. Povu likateremka ukutani, likamfunika Chui. Shwaa! Alipotoka hakuwa na doa hata moja. Kalunguyeye akaita, “Chui!” Kimya. Mdhamini akaita, “Ng'aring'ari!” Chui akageuka.

Wakashinda mechi ya pili. Povu likamfunika Punda milia. Shwaa! Akatoka mweupe pee. Kalunguyeye akaita, “Punda milia!” Kimya. Mdhamini akaita, “Ng'aring'ari!” Wakageuka wawili kwa pamoja, wakitabasamu.

Nieleweni, wanangu. Hawakufa. Afadhali wangekufa. Walisimama palepale, na ndani hamkuwa na mtu.

“Mechi ya tatu,” akasema mdhamini, “namtaka mwenye miiba.”

Kalunguyeye akamkimbilia kaka yake. Akamwambia, “Kaka, mapigo matatu yanatosha tushinde. Kosa. Kosa yote, tushindwe, upone.”

“Nitakosa, dada.”

Mpira wa kwanza ukaja. Paa! Akaupiga.

“Kaka!”

“Mkono haunisikii!”

Mpira wa pili ukaja. Paa! Akaupiga.

“Kaka, nakuomba!”

“Mkono si wangu, dada. Tazama kule nyuma ya kioo.”

Kalunguyeye akatazama. Akaona kidole, kikubwa kama nguzo ya umeme, kinabonyeza kitufe. Juu ya kidole, jicho. Jicho linafurahi.

Hapo shangazi akatugeukia. Kisha akasema, “Hebu nyosheni vidole vyenu nivione.”

Elinaike alikuwa tayari amevikalia vyake.

Lilibaki pigo moja, na povu lilishaanza kuteremka. Kalunguyeye angefanya nini? Povu hulipigi ngumi. Kidole hakisikii kilio. Akashuka chini ya uwanja, mahali waya ulipopita. Akajikunja akawa duara, akajibingirisha juu yake kwa miiba yote. Zzzz! Kioo kizima kikajaa chenga. Mwenye kidole hakuona mpira wala rungu.

“Kaseti imeingia vumbi!” sauti ikanguruma huko nje.

Mwenye kidole akaichomoa. Akaipuliza. Fuu! Fuu! Fuu! Pumzi ile ikapita uwanjani kama kimbunga. Povu likaruka, picha ya sabuni ikabanduka ukutani. Nungunungu akapona, nusu ya miiba ya mgongoni ikiwa imeshachukuliwa na povu. Lakini povu la Chui na Punda milia lilikuwa limeshakauka. Hawakurudi.

“Ndiyo maana kaseti hupulizwa,” akasema shangazi.

“Na mdhamini je?” akauliza Sifuni kwa sauti ndogo.

“Jina lake si liko kifuani bado? Anangoja washinde. Mimi nilipofika ni hapa. Mdomo naufunga, masikio fungeni wenyewe.”

Umeme ukarudi. Mbonea, aliyekuwa na ulimi kuliko sote, aliichomoa kaseti akaipuliza mara tatu, kisha akairudisha. Nungunungu akatokea, rungu begani. Mbonea akaweka mikono nyuma. Mpira ukapita mara ya kwanza. Ukapita mara ya pili. Ukapita mara ya tatu. Tukafungwa, na hakuna aliyemcheka.

Shangazi Nakiete alifariki mwaka 2004. Sifuni alifariki 2011. Elinaike yu hai, anaishi Moshi. Mbonea yu hai, yuko Same, na gemu ile hakuishinda tena. Mimi nipo. Kaseti ninayo kabatini, sijaichomeka tangu siku ile. Kwa hiyo kama Kalunguyeye na kaka yake wangali hai, siwezi kuandika lolote.